Sauti Iliyopasuka Mbele za Mungu

Makanisa mengi ya Kenya yalishalikubali gita la umeme zamani. Linapigwa kwa mtindo wa Kikongo, nyuzi zikilia safi na nyepesi, na hakuna mzee wa kanisa anayekunja uso. Mlio huohuo ukishapasuliwa kwa distoshoni, ukawa mzito wa kunguruma na kukwaruza, mambo hubadilika: unaitwa muziki wa shetani, na kijana aliyeurekodi anaulizwa kama kweli ameokoka. Swali lililopo hapa ni la imani kabla ya kuwa la muziki. Je, sauti yenyewe, kabla haijabeba neno lolote, inaweza kuwa najisi? Naliuliza nikiitazama Turkana, kuanzia Kerio hadi Lodwar na Kakuma, kwa sababu kompyuta moja, gita na kisanduku kidogo cha kuingizia sauti vinatosha siku hizi kugeuza chumba cha mabati kuwa studio. Na kwa sababu watu wa huko wana mengi ya kumlilia Mungu. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Mwaka 2025 wakimbizi wa Kakuma wakapunguziwa mgao wa chakula. Jibu langu ni kwamba hakuna sauti iliyo najisi kwa asili yake, na zaidi ya hapo, sauti iliyopasuka ina kazi katika ibada ambayo sauti safi haiiwezi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya waya. Uzi wa gita unapotikisika, umeme unaotoka kwenye pikapu, yaani kinasa-mtikisiko cha gita, hupanda na kushuka kwa wimbi lenye vilele vya mviringo. Amplifaya nayo ina kikomo chake. Ukiisukuma ikipite, inashindwa kulifuata wimbi hadi juu, na kilele hukatwa kikabaki bapa. Mkato huo huzidisha sauti za juu zaidi ya zile ulizopiga: uzi wa A ukiachwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, na vilele vyake vikikatwa unaanza kusikia kwa nguvu 330, 550, 770 na kuendelea. Hizo ndizo zinazolipa gita ukali. Programu zinazotumika leo badala ya amplifaya za valvu hufanya jambo lilelile kwa hesabu. Kwa hiyo mkwaruzo ni habari ya kweli kuhusu chombo kilichobebeshwa kuliko uwezo wake. Koo la binadamu hufanya vivyo hivyo. Mama anayepiga ukemi msibani sauti yake hukwama, hukwaruza, hupasuka, na hakuna mchungaji anayemwambia kwamba kilio chake hakifai mbele za Mungu kwa kuwa hakikutoka safi.

Wanaoihusisha sauti hii na shetani hutaja majina ya bendi, picha za majalada na mavazi meusi. Historia haiwaungi mkono. Miaka ya 1940 Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani aliyelelewa katika Church of God in Christ, alilipiga gita la umeme kwa ukali ambao waanzilishi wa roki walikuja kuuiga. Wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotoka 1961, una mkwaruzo maarufu uliozaliwa kwa ajali: chaneli moja ya mitambo ya studio huko Nashville iliharibika Grady Martin akiwa anapiga besi, na wakaamua kuuacha ulivyo. Mwaka uliofuata kifaa kiitwacho Maestro Fuzz-Tone kikaingia sokoni kuiga hitilafu hiyo. Tony Iommi, ambaye metali yote imejengwa juu ya gita lake, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham mwaka 1965. Baadaye akalegeza nyuzi ili vidole vile vilivyojeruhiwa viweze kuzibonyeza, na sehemu kubwa ya uzito tunaousikia ilitokana na kulegeza huko. Ni kweli bendi yake, Black Sabbath, ilichukua jina la filamu ya kutisha. Lakini ni bendi hiyohiyo iliyotoa "After Forever" mwaka 1971, wimbo unaomtetea Mungu mbele ya wanaomdhihaki. Kwamba wengine wameitumia sauti hii kwa ghadhabu tupu, au kwa giza zito kama kundi la Duma la Nairobi katika albamu yao ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hilo wataulizwa wenyewe. Asili ya sauti hii ni mitambo mibovu na jeraha la kiwandani, na sioni mahali pa pepo katika asili hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hata kama si ya shetani, si yetu. Hoja hii inadhaifishwa na watu wanaoishi Kakuma kwenyewe. Waethiopia wamekuwa katika kambi hiyo tangu miaka yake ya mwanzo, baada ya kuanzishwa 1992, na Waorthodoksi miongoni mwao wanatoka katika kanisa ambalo chombo chake cha sala ni begena, kinubi kikubwa cha nyuzi kumi kinachohesabiwa kuwa kinubi cha Daudi. Kati ya kila uzi na daraja lake hupachikwa kipande chembamba cha ngozi, na mpigaji hukisogeza kidogo kidogo mpaka uzi uache kulia safi na uanze kuvuma kwa kukwaruza. Bila mvumo huo begena huhesabiwa kuwa haijawa tayari. Chombo hiki hakipigwi kwenye dansi. Ni cha sala na toba, hasa wakati wa Kwaresima. Tuna basi mapokeo ya Kikristo ya Afrika, ya kale kuliko madhehebu karibu yote yaliyofika Turkana, ambayo yaliona kwamba mtu anayetubu anahitaji uzi unaokwaruza, yakautengenezea kifaa chake. Kinshasa nako, Mawangu Mingiedi alipoiunganisha likembe, ala ya vibanzi vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba, na vipaza sauti alivyoviunda kwa vipuri vya magari, mkwaruzo uliingia bila kualikwa, na kundi lake la Konono No. 1 likaujenga ndani ya muziki wake hadi ukasikika duniani kote kupitia albamu ya Congotronics ya 2004. Waturkana hawakurithi gita, lakini edonga, ngoma yao ya kucheza, haijawahi kuwa muziki laini: uzito wake unatoka katika miguu mingi inayoigonga ardhi kwa pamoja.

Hoja nzito zaidi ni ya Mtume Paulo. Katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anakumbusha kwamba Mungu si wa machafuko, na anauliza ni nani atakayejiandaa kwa vita ikiwa tarumbeta inatoa sauti isiyoeleweka. Msomaji makini atauliza: je, distoshoni si machafuko yaliyotengenezwa kwa makusudi? Hapa ndipo kazi yenyewe ya studio inapotoa ushahidi ambao mahubiri hayana. Piga A na E iliyo juu yake kwa gita lenye distoshoni, yaani 110 na karibu 165. Mkato wa mawimbi huzaa tofauti yao na jumla yao: 55, ambayo ni A ileile chini zaidi, na 275, ambayo nayo ni ya ukoo wa A. Kila kitu kinakubaliana, na ndiyo sababu noti mbili tu husikika kubwa hivyo. Sasa badala ya E weka C kali, karibu 138.6. Tofauti inakuwa 28.6, isiyo ya ukoo wa A wala wa C kali, na unachosikia ni tope. Kwa gita safi noti hizo mbili ni tamu kabisa. Distoshoni ndiyo inayozikataa, na kumlazimisha mpigaji arudi kwenye uhusiano ulio sahili zaidi kati ya noti. Kadiri sauti inavyopasuka, ndivyo sheria inavyokaza.

Na haiishii kwenye noti. Distoshoni huinua kila kilicho dhaifu hadi kilingane na kilicho na nguvu: mvumo wa jenereta unaonaswa na pikapu, kidole kilichogusa uzi usiohusika, mkono uliochelewa kuuzima uzi. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hupunguza gaini, yaani kiasi cha kuisukuma sauti, kuliko mgeni anavyotazamia, na kiganja cha mkono wa kulia hukaa karibu na daraja muda wote kikizizuia nyuzi. Kisha kuna suala la upana. Ili gita lisikike limejaza pande zote mbili, sehemu ileile hupigwa upya kuanzia mwanzo hadi mwisho, rekodi moja ikawekwa kushoto kabisa na nyingine kulia. Anayetaka kukwepa kazi huinakili rekodi ya kwanza na kuiweka upande wa pili, na hapati kitu: nakala mbili zilizo sawa kabisa husikika katikati kama gita moja. Sikio linadai mkono wa mtu mara mbili, wenye zile tofauti ndogo za wakati na nguvu ambazo mtu hawezi kuziepuka. Tofauti hizo zikizidi kidogo tu, upana unageuka vurugu. Mwishowe gita hukatwa chini ya takriban hezi 80 au 100 ili besi na ngoma zipate nafasi yao. Huyo Paulo aliyetaka kila mmoja angoje zamu yake ili wote wajengwe, sidhani angekuwa na ugomvi na sauti inayodai kujizuia kiasi hiki.

Bado kuna mlima Horebu. Katika 1 Wafalme 19 Eliya alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo humo. Alikuja kwa sauti ya utulivu. Wengi huitumia sura hii kama amri ya muziki wa upole. Wasisahau kwamba huo ni mlima uleule wa Kutoka 19, na huko kuna radi, moshi, na baragumu inayozidi kulia hadi watu wote kambini wakatetemeka, na Mungu akanena na Musa humo humo. Ukiitoa kanuni ya sauti kwenye mlima huo, utapata mbili zinazopingana; heri kukiri kwamba Mungu hakujifunga kwa kiwango cha sauti. Waislamu wa Lodwar watanikumbusha aya ya 19 ya Sura Luqman, inayomtaka mtu ashushe sauti yake na kuutaja mlio wa punda kuwa wa kuchukiza kuliko sauti zote. Naichukua kwa uzito wote. Aya hiyo inafuata katazo la kutembea kwa majivuno, na nauona ubaya unaokemewa kuwa ni wa mtu anayewafunika wenzake kwa sauti. Distoshoni na makelele ni vitu viwili. Gita lililopasuka linaweza kurekodiwa usiku wa manane kwa kulichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, mpigaji akisikiliza kwa vifaa vya masikioni, na jirani asijue lolote. Kinachomnyima jirani usingizi mara nyingi ni spika za mkesha zilizoelekezwa barabarani, zikipiga nyimbo tamu kabisa, na kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinalikataza hilo bila kujali wimbo ni wa nani.

Kazi ambayo sauti safi haiiwezi ni maombolezo. Nyimbo nyingi za kuabudu huishia kwa ushindi. Shida hutajwa katika ubeti wa kwanza ili ishindwe katika kiitikio. Zaburi ya 88 haina ushindi huo. Inamlilia Mungu toka mwanzo na kukoma gizani, na waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo bila kuiongezea mstari wa faraja. Wadinka waliofika Kakuma kutoka Sudan walikuja na tenzi zilizotungwa vitani, nyingi na wanawake, Mary Alueel Garang akiwa mashuhuri kati yao, ambamo mateso hayakufichwa ili wimbo upendeze. Mtu atasema Mkristo hana ruhusa ya kuomboleza bila tumaini. Lakini anayemwambia Mungu kwamba ameachwa bado anamwambia Mungu, na sijui imani iliyo ngumu kuliko hiyo. Mifugo ikifa yote na wimbo ukaletwa uliong'arishwa kila pembe, wimbo huo unasema uongo kuhusu siku yenyewe hata kama maneno yake yote ni ya kweli. Gita linalopasuka haliwezi kujifanya kwamba mambo ni shwari.

Pingamizi moja silipuuzi, nalo linatoka kwa anayeimba. Gita la namna hii hujaa kati ya hezi 2,000 na 5,000, palepale zinapokaa konsonanti zinazomwezesha msikilizaji kuyatambua maneno. Kwa Kiturkana hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu irabu za mwisho wa kauli hunong'onwa bila mtetemo wa koo. Ukuta wa magita utazimeza kwanza, na kilio kitabaki bila maneno. Kwa hiyo fundi anayerekodi maombolezo Lodwar ana wajibu wa kupunguza magita katika eneo hilo, kuyasukuma pembeni ili katikati pawe pa mwimbaji, na kuyazima kabisa kila mstari unapokaribia mwisho. Wimbo wa namna hiyo ningeupeleka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu na kwenye matanga kabla ya Jumapili ya kawaida, ambapo mkutano mzima unapaswa kuimba na vikongwe kusikika. Na mzee wa kanisa akisimama akasema maneno hayasikiki, ana haki ya kuuzima hadi miksi irekebishwe. Akisema tu kwamba mlio wenyewe ni wa shetani, aulizwe anaijibu vipi begena.