Uliyakoroga Yote Mawili?

Mjukuu wangu, nimekusikia tangu alfajiri. Unazunguka uani na daftari mkononi, unakariri kwa Kiingereza kwamba maada ni kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Hukosei hata neno. Nadhani hata jogoo wa jirani ameshaishika. Nikakuita, nikakuuliza kwa Kiswahili chetu hiki, hewa iliyo ndani ya mpira wa mdogo wako ni maada au si maada? Ukanijibu, "Babu, hilo halimo kwenye mtihani."

Sikukasirika. Kukasirika kunataka nguvu, na zangu zilikwishia ubaoni, miaka thelathini na ushei ya kumeza vumbi la chaki. Keti hapa mkekani. Nitasema polepole.

Tuanze na chupa yako ya mafuta ya nazi. Uliporudi likizo kutoka Lushoto ulimwambia bibi yako mafuta aliyokupa yameharibika, yaliganda yakawa meupe kama mshumaa, ulikaribia kuyatupa. Leo yako wapi? Yako dirishani, hapa Tanga, yanamiminika na umejipaka. Hukuyafanya lolote. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na baridi ya usiku wa Julai huko bwenini kwenu unaijua kuliko mimi. Yabisi mlimani, kimiminika pwani, mafuta ni yaleyale. Ungeyapima kwenye mizani huko na huku ungepata gramu zilezile. Kilichobadilika ni ujazo, maana mafuta yakiganda hunywea. Ndiyo maana uliona kishimo katikati. Maji hufanya kinyume. Yakiganda hutanuka, karibu sehemu 9 katika 100, na anayebisha amwulize mjomba wako aliyesahau chupa ya kioo iliyojaa maji kwenye friji. Basi barafu huelea majini, lakini donge la mafuta ya nazi huzama ndani ya mafuta yaliyoyeyuka. Umelikariri neno densiti mwaka mzima, na chupa ilikuwa kwenye sanduku lako.

Na hiyo "maji huchemka kwenye nyuzi 100" uliyoipigia mstari mwekundu, umalizie: usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maharage ya shule yakiwa magumu, msimlaumu mpishi peke yake.

Haya, nipe hilo daftari la majaribio. Hapa umeandika kwamba sukari humumunyika haraka zaidi katika maji ya moto. (Umeandika "huyeyuka". Mtaani hatutakushtaki, ila barafu ndiyo huyeyuka; sukari haikubadili hali, imejitawanya tu ndani ya maji.) Ulichosema ni kweli. Lakini jana nilikuuliza: maji ya moto uliyakoroga? Ukasema ndiyo. Na ya baridi? Ukatazama dari. Ukasema ulisahau. Tena ya moto yalikuwa kwenye bilauri ndogo na ya baridi kwenye kopo. Sasa mjukuu wangu, kilichoiharakisha sukari ni moto, au ni mkono wako? Hujui. Mimi pia sijui, na hata mwalimu aliyekupa alama ya vema hajui.

Hivyo ndivyo vigeu wanavyovisema, na usivichanganye na kigeugeu wa mtaani. Kimoja unakibadilisha wewe: joto la maji. Kimoja unakipima: sekunde mpaka sukari imalizike. Vingine vyote unavishika pale pale vilipo, maji kiasi kilekile, kijiko kilekile cha sukari, chombo cha aina moja, kukoroga sawa au kutokoroga kabisa. Ukibadilisha viwili kwa mpigo umejisumbua bure, hata kama jibu limetoka sawa na la kitabu.

Kuna kijana aliyepita milima hiyo hiyo mnayosomea. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, shule ya Magamba. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Watu husimulia kisa hiki wakamsifu kijana na kumcheka mwalimu, wakaishia hapo. Wewe vitazame vile vyombo viwili. Kimoja maziwa ya moto yaliyochemshwa, kingine maziwa mabichi. Tofauti si moja. Jibu la mwalimu lilipaswa kuwa fupi tu: chemsheni yote, kimoja kiachwe kipoe, turudie. Mpemba mwenyewe ndiye aliyefika huko. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alichukua bikari mbili, akaacha maziwa na sukari, akatia maji kiasi kimoja, moja ya bomba na moja ya moto, friji moja. Mwalimu wake huko alikuwa ameliita jambo hilo "fizikia ya Mpemba", na wenzake darasani wakawa wakimtania. Siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, kijana akauliza tena mbele ya watu kwa nini ya moto hutangulia kuganda. Osborne hakusema inawezekana wala haiwezekani. Alirudi Dar es Salaam jambo hilo likajaribiwa, maji sentimita za ujazo 70 katika kila bikari, zikiwa zimekalishwa juu ya povu gumu ili baridi ya sakafu ya friji isiingie kwa chini. Mwaka 1969 yeye na Mpemba wakayachapisha matokeo pamoja.

Ubishi haujaisha hata leo. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden huko Uingereza walirudia jaribio, hawakuiona ajabu hiyo, wakaonyesha kwamba kukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu kunatosha kukudanganya. Sentimita moja, mjukuu wangu! Nawe wanifichia kopo na bilauri.

Nami sijisafishi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia barafu za ukwaju anazouza mama yake huchelewa kuganda kuliko maji matupu. Nilimjibu friji ya mama yake ni mbovu. Darasa zima likacheka, akakaa. Nilijua vizuri kwamba sukari na ukwaju hushusha nyuzi za kugandia, lakini kengele ilikuwa inakaribia kulia na mada ilikuwa haijaisha. Hakuniuliza tena swali mpaka alipomaliza shule.

Sasa inuka. Bilauri mbili za seti moja ziko kabatini, kipimajoto changu cha zamani kiko kwenye droo, ukitumie taratibu. Pima maji sawa, sukari sawa, na kijiko ukiache mezani. Ukirudi usinisomee maana ya kitu chochote. Niambie ni sekunde ngapi.