Joho Lililoachwa Troa

Kila mwaka katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapouma huko Njombe na Makete hata sakitu ikalala juu ya majani alfajiri, watu wengi hupanda kwao kuwasalimu wazee. Moto huwashwa, wajukuu huuzunguka, na hapo ndipo ndugu hukumbushana kwamba sanduku la marehemu baba halijafunguliwa bado.

Mtume Paulo naye, alipokuwa kifungoni akiungoja mwisho wake, alimwandikia Timoteo aje upesi kabla ya majira ya baridi, amletee joho aliloliacha kwa Karpo mjini Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Tazameni mali ya mtu mkubwa namna ile: nguo moja ya kujikingia baridi na maandiko machache! Lakini katika waraka huo huo ametaja urithi mwingine, yaani imani iliyokaa kwanza ndani ya Loisi, bibi yake Timoteo, ikakaa ndani ya Eunike mama yake, kisha ikamfikia yeye.

Sasa tuseme wazi. Sanduku likifunguliwa, macho ya wengi hukimbilia hati ya shamba, karatasi za mauzo ya chai au ya miti, na cherehani. Rozari iliyokatika, kitabu cha sala kilichofubaa kwa moshi, picha ya ndoa, mgolole wa bibi, hivyo husukumwa pembeni, na pengine huchomwa pamoja na takataka. Asiyejua habari ya kitu atakipimaje? Kwa hiyo haifai sanduku kufunguliwa na vijana peke yao, waliofika jana kwa basi na kesho warudi Dar es Salaam. Aketi mjane, aketi na shangazi. Kila kitu kiinuliwe, waulizwe kilitoka wapi, nani alikitoa, kwa sikukuu gani, na kijana mmoja aandike daftarini.

Kanisa nalo lina neno hapa. Kanuni ya 1171 yaagiza kwamba vitu vitakatifu, vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada, vitendewe kwa heshima wala visitumiwe isivyofaa, hata vikiwa mikononi mwa watu binafsi. Rozari iliyobarikiwa, basi, si ya mtoto kuchezea. Ikiharibika kabisa, desturi yetu ni kuizika au kuichoma kwa heshima. Cheti cha ubatizo kikiliwa na mchwa, msifadhaike: jina la marehemu limo katika kitabu cha parokia alikobatizwa.

Kuna jambo lituumizalo zaidi. Wako ndugu wachukuao hata blanketi la mjane, na huku ni Julai! Torati iliwakataza Waisraeli kuitwaa nguo ya mjane iwe rehani, seuze kuitwaa kabisa. Na yule mtu aliyemwomba Bwana Yesu amwamuru nduguye kugawana naye urithi, hakupata mgawanyaji. Alipata onyo juu ya tamaa. Neno la shamba lina siku yake, nalo lina wasimamizi wake. Lisikatwe usiku huo motoni, mbele ya mama ambaye bado amevaa nguo za msiba.