Njaa ya Mende

Mende hula, akashiba, akaacha. Wanafalsafa hawabishani kuhusu hilo. Wanabishania iwapo anaisikia njaa, au ni mwili tu unaojiendesha.

Utumbo wa mdudu una neva zake, nazo huwasiliana kwa kemikali. Mojawapo ni serotonini, ambayo kwa binadamu pia imejaa zaidi tumboni kuliko ubongoni. Nyingine ni proktolini, mnyororo mfupi wa asidi amino tano unaokaza misuli ya utumbo wa nyuma. Watafiti Starratt na Brown waliitenga nchini Kanada mwaka 1975. Ili kupata maikrogramu 180 hivi, walihitaji mende wapatao 125,000, na kama mende husikia chochote, hesabu hiyo si ndogo.

Jaribio moja lililochochea mjadala huu lilihusu nzi wa nyama. Mmarekani Vincent Dethier na wenzake walikata neva inayopeleka ubongoni habari za utumbo wa mbele. Nzi aliyekatwa hivyo huendelea kufyonza maji ya sukari huku tumbo likivimba, ngozi ikivutika hadi kupitisha mwanga, na pengine akapasuka. Dethier aliona kwamba njaa ya nzi ni kukosekana tu kwa ujumbe wa kumzuia. Mfuasi wa René Descartes, aliyewahesabu wanyama kuwa mashine, angesema hapo hakuna njaa, kuna breki iliyokatika.

Hoja hiyo ina tundu. Shibe ya binadamu nayo hupita katika neva na homoni, wala hakuna anayekana kwamba mtu mwenye njaa anaumia. Kujua njia ya hisia si kuifuta hisia. Lakini wanaoshangilia serotonini ya mende kama ushahidi wa hisia nao wamekwenda mbali mno: hata ndizi ina serotonini. Kemikali peke yake haiamui kesi hii upande wowote.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko katika mwenendo: je, mdudu hupima, akavumilia dhara kwa ajili ya chakula kizuri na kukikimbia kilicho duni? Kwa vigezo vya namna hiyo, sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 kuhusu hisia za wanyama iliwaingiza pweza, ngisi, kaa na kamba. Wadudu hawamo.