USAFI WA MMOJA, MZIGO WA MWINGINE

Yako maswali ambayo watu wazima huyaona madogo mno, hata wakaona haya kuyauliza mbele za watu. Moja ni hili: mtu aoge mara ngapi kwa siku? Pwani, penye joto na chumvi, watu huoga mara mbili, hata tatu, na asiyefanya hivyo hunong'onwa. Huko Njombe au Lushoto, wakati wa baridi kali, mtu aweza kuiruka siku moja bila aibu. Kila mmoja hudhani kwamba desturi ya kwao ndiyo usafi wenyewe. Leo twapenda kulipima jambo hili, wala si kwa kipimo cha mwili peke yake.

Miaka michache iliyopita mimi niandikaye nilikaribishwa Pande, katika Wilaya ya Kilwa, nikakaa huko siku chache. Mwenyeji wangu alikuwa mzee Mwislamu mwenye adabu kubwa. Siku zile joto lilikuwa jingi. Asubuhi, adhuhuri na jioni nilikuta ndoo ya maji na kata ya kifuu cha nazi katika ua wa makuti. "Maji tayari, Padri," mzee aliniambia, nami nikashukuru, nikaoga mara tatu kwa siku, nikajiona mtu safi kabisa.

Siku ya tatu niliamka kabla ya mapambazuko. Nikamwona mjukuu wa mzee, binti wa miaka kumi hivi, anarudi kisimani na ndoo kichwani. Aliniamkia shikamoo bila kuinamisha shingo, maana maji yangemwagika, akaenda moja kwa moja mpaka uani. Nikamwuliza amekwisha kwenda mara ngapi. "Hii ya tatu," akajibu. "Mbili za nyumbani, hii ya mgeni." Kisha akaenda kuvaa nguo za shule.

Ndoo ya lita 20 ni uzito wa kilo 20, bila kuihesabu ndoo yenyewe. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilistahili kupewa ndoo.

Basi, tuulize kwanza mwili wahitaji nini. Jasho, vumbi na uchafu hukaa zaidi usoni, mikononi, kwapani, sehemu za siri na miguuni. Sehemu hizo hazina budi kuoshwa kila siku, na mikono mara nyingi zaidi: kabla ya kula, kabla ya kupika, baada ya kutoka chooni. Mkulima arudipo shambani, mvuvi atokapo baharini, fundi atokapo kwenye saruji, hao wastahili maji mwili mzima, wala mtu asiwahesabie. Lakini ngozi nayo ina mafuta yake ya asili, ambayo ndiyo ngao yake. Sabuni kali ikipitishwa mwili mzima mara tatu kwa siku huyaondoa mafuta hayo, ngozi ikakauka, ikawasha, ikapasuka. Ndiyo maana bibi zetu, baada ya kumwogesha mtoto, walimpaka mafuta ya nazi. Tena Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto mchanga asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24 tangu azaliwe, kusudi asipatwe na baridi. Kumbe kuoga sana si kuwa safi sana.

Walakini asitokee mtu akasema: "Vema, basi tusioge." La hasha! Mwaka 1972 wataalamu Gilbert White, David Bradley na Anne White walitoa kitabu juu ya matumizi ya maji majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania. Walitufundisha kwamba yako magonjwa yaletwayo na kunywa maji machafu, na yako mengine yaletwayo na kukosa maji ya kutosha ya kunawia: upele, magonjwa mengine ya ngozi na ya macho, na mengi ya kuhara. Mtu aliye mbali na kisima huugua kwa sababu ya umbali ule, hata kama maji anywayo ni safi.

Kati ya magonjwa hayo umo ugonjwa wa vikope, ambao kwa miaka mingi umewapofusha watu katika mikoa yetu mikavu. Vidole, vitambaa na nzi huuchukua kutoka jicho hadi jicho. Mtoto akiupata tena na tena, mwishowe kope zake hugeukia ndani na kulikwaruza jicho. Wanawake hupofuka zaidi ya wanaume, maana ndio wanaowalea watoto wenye ugonjwa. Huko Kongwa, Mkoa wa Dodoma, palifanyika utafiti uliotangazwa mwaka 1995. Vijiji vyote vilivyochunguzwa vilipewa dawa, lakini katika baadhi yake watu walihimizwa pia kuwanawisha watoto nyuso. Katika vijiji hivyo nyuso safi ziliongezeka, na ugonjwa mkali ukapungua. Na uso hauhitaji ndoo. Makonzi machache ya maji yatosha. Hapo twaona kwamba maji yenye thamani kuliko yote nyumbani si yale ya mtu mzima aogaye mara ya tatu kwa kujiburudisha, bali ni yale machache ya uso wa mtoto.

Msomaji wa mjini asidhani kwamba hayamhusu. Bomba la mvua hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika. Akaaye chini yake dakika kumi ametumia ndoo nne au tano. Akiyapasha moto kwa umeme, kutoka nyuzi 25 hadi 40, lita 100 humla karibu uniti mbili. Lakini nusu ndoo, ambayo yamtosha mtu kuoga vizuri, haifiki hata sehemu ya tano ya uniti. Na penye kuni badala ya umeme, swali larudi kule kule: ni nani aliyekwenda kuzitafuta?

Swali hilo si geni Kilwa. Katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, liko birika la kuogea lenye pembe nane, juu ya mwamba uelekeao bahari. Wageni hulitazama na kustaajabia ufundi wake. Majina ya masultani yameandikwa vitabuni. Wale walioyachota maji ya birika lile hawakuandikwa popote.

Wengine watasema: dawa ni serikali kuleta bomba. Ni kweli, tena tuidai. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji safi ni haki ya kila binadamu. Lakini binti yule atakwenda kisimani kesho alfajiri, na haki yake haiwezi kungoja mpaka bomba lifike. Wengine watasema: mgeni ni wa kuheshimiwa. Nalo ni kweli. Lakini heshima ya mgeni huanza kuwa dhuluma pale ambapo baba wa nyumba hupewa sifa ya ukarimu na mtoto hupewa uzito wake.

Kwa hiyo neno letu ni hili. Kila mtu aoge mara moja kwa siku kadiri kazi na joto vimtakavyo, na asione haya kuosha zile sehemu chache tu siku ya baridi au ya ukame. Mikono ya wote na nyuso za watoto zipewe maji kwanza. Na atakaye kuoga mara ya pili na ya tatu, akiwa na nguvu, akayachote mwenyewe. Wavulana wana vichwa na mabega kama dada zao. Baba ana baiskeli. Nyumba itakayoifuata kanuni hiyo itajua upesi ni mara ngapi yafaa kuoga.

Asubuhi ile niliomba nionyeshwe kisima. Mzee akakataa. "Padri, ukionekana na ndoo, watu watasema nini juu yangu?" Sikupenda kumwaibisha. Nikamwomba basi asiniwekee maji mpaka jioni. Alinitazama kitambo, kisha akamtazama mjukuu wake aliyekuwa anafunga viatu, akanyamaza. Siku ile nilioga mara moja, kwa nusu ndoo. Hakuna aliyeniambia kwamba nanuka.