Mgonjwa na Kura ya Matabibu

Mtu aliyepatwa na maradhi yasiyo na tiba ya yakini, akaambiwa na tabibu wake kwamba ipo dawa mpya ambayo bado inachunguzwa, na kwamba akiitaka hana budi aandikishwe pamoja na wagonjwa wengine mfano wake, kisha ipigwe kura, nusu yao wapewe hiyo mpya na nusu wapewe ile ya zamani, wala asiwe na hiari ya kuchagua upande wake, mtu huyo amefikiwa na mas'ala mazito ambayo wazee wetu hawakuyajua kwa sura hii, ingawa asili yake waliijua sana. Je, ni halali kwa mwanadamu kuikabidhi roho yake kwa kura? Akikubali, huwa amemtegemea Mola wake au amecheza kamari? Na akikataa, akaenda zake nyumbani kungoja siku yake, huwa ametawakali, au amefanana na yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga?

Nayaandika haya kwa ajili ya maradhi mamoja hasa, saratani ya ngozi iitwayo melanoma, kwa kuwa katika historia yake, ndani ya muda wa miaka michache tu, mas'ala haya yalidhihiri kwa pande zake zote mbili. Melanoma huanza katika chembe zile zinazoipa ngozi rangi yake. Watu weupe huipata aghalabu mahali palipopigwa na jua. Watu weusi huipata mara nyingi zaidi chini ya wayo, kiganjani, au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki, na kwa sababu hiyo doa jeusi la wayoni hudhaniwa kuwa alama ya mwiba wa zamani au jeraha la kiatu, mpaka wakati wa kulikata umekwisha pita. Bob Marley aligunduliwa nayo katika kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Ikijulikana mapema hukatwa ikaisha. Lakini ikishatambaa hadi katika mapafu, ini au ubongo, kwa miaka mingi matabibu hawakuwa na kitu cha kutoa ila dacarbazine, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1975, ambayo kwayo uvimbe ulipungua kwa takriban mgonjwa mmoja tu katika kumi, na ambayo haikupata kuthibitishwa kwamba hurefusha maisha.

Mwaka 2010 ikawa inachunguzwa dawa ambayo kwanza ilijulikana kwa namba tu, PLX4032, na baadaye ikapewa jina la vemurafenib. Yapata nusu ya melanoma hubeba badiliko katika jeni iitwayo BRAF, badiliko ambalo huiamrisha chembe izaliane pasipo kukoma, na dawa hii ilitengenezwa kwa kusudi la kuizuia amri hiyo. Katika kundi moja la wagonjwa 32 wenye badiliko hilo, uvimbe ulisinyaa kwa 26, na habari zao zilipochapishwa mwezi wa Agosti mwaka huo, hapakuwa na mtu ashughulikaye na maradhi haya ambaye hakushtuka. Walakini wakati huo huo jaribio kubwa lilikuwa likiendelea, lililoandikisha wagonjwa 675 katika nchi kadhaa, nusu yao wakiwekwa katika dacarbazine kwa kura. Wala siri haikuwezekana, maana waliopata dawa mpya walimeza vidonge vinne asubuhi na vinne jioni nyumbani kwao, na wale wengine walirudi hospitalini kila baada ya wiki tatu kutundikiwa dripu. Kila mmoja alijua kura yake imeangukia wapi. Gazeti la New York Times lilieleza mwaka huo habari za vijana wawili, binamu, waliopatwa na maradhi hayo hayo na kuingia katika jaribio hilo hilo: mmoja akapata vidonge, mwenziwe akapata dripu, na huyu wa pili akafa.

Hapo matabibu wenyewe waligawanyika. Walikuwapo waliosema kwamba si haki kumtundikia mtu dawa ambayo wewe mwenyewe usingemtundikia mwanao, ati kwa sababu tu hesabu yataka kundi la kulinganishia. Na walikuwapo waliowajibu kwamba kusinyaa kwa uvimbe si kurefuka kwa umri, na kwamba bila ya ulinganisho tungebaki na dhana badala ya elimu. Mtu akisoma maneno yao kwa mara ya kwanza, moyo wake huwaelekea wale wa kwanza moja kwa moja. Mimi pia moyo wangu huwaelekea. Lakini mwelekeo wa moyo hautoshi kuwa hoja, kwani mwaka mmoja tu nyuma, katika maradhi haya haya, dawa nyingine iitwayo elesclomol, ambayo katika jaribio dogo la watu 81 ilitia tumaini kubwa, iliingizwa katika jaribio la watu 651, na mwezi wa Februari 2009 jaribio likasimamishwa, kwa sababu waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa mpya kuliko upande wa walionyimwa. Wale ambao kura iliwanyima elesclomol walikuwa wameepushwa na jambo, nao hawakujua, na tabibu aliyewapangia hakujua, wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua.

Basi na tuiangalie kura yenyewe. Wanazuoni wa sheria hawakuifanya kura na kamari kuwa kitu kimoja. Katika kamari, anachopata huyu ni kile kile alichopoteza yule, na hakuna haki iliyotangulia ambayo mchezo umekuja kuigawa. Ama kura ilitumika pale ambapo haki za watu zimelingana na hakuna sababu ya kumtanguliza mmoja juu ya mwingine: ilipigwa katika merikebu ya Nabii Yunus, ilipigwa kumtafutia Bibi Maryamu mlezi, na Mtume wetu alipotaka kusafiri aliwapigia kura wakeze. Sharti lake ni ule usawa. Pakiwapo sababu iliyo wazi ya kumpendelea mmoja, kura huwa dhuluma iliyovishwa nguo ya uadilifu. Na ajabu ni kwamba Benjamin Freedman, mwanafalsafa wa Kanada aliyeandika mwaka 1987 juu ya majaribio ya dawa, bila ya kupitia vitabu hivi vyetu alifika mahali karibu na hapo: alisema kwamba kumpanga mgonjwa kwa kura ni halali maadamu miongoni mwa jamii ya matabibu wenye ujuzi ipo shaka ya kweli juu ya ipi kati ya dawa mbili iliyo bora, hata kama tabibu mmoja mmoja ana mwelekeo wake moyoni. Shaka ikiondoka, na uhalali umeondoka.

Kwa hiyo nasema kwamba kura katika jaribio la dawa ni ungamo la ujinga, na ubora wake wote umo katika ukweli wa ungamo hilo. Katika elesclomol ujinga ulikuwa wa kweli, na kura ilikuwa haki. Katika vemurafenib, kwa rai yangu, ujinga ulikuwa wa kweli siku jaribio lilipoanza mwezi wa Januari 2010, lakini ulipungua kadiri mwaka ulivyosonga, na waliolipanga walipaswa kuwafungulia mlango mapema zaidi wale wa dripu ambao maradhi yao yalikuwa yakizidi, wahamie katika vidonge. Mlango huo ulifunguliwa Januari 2011, kwa shauri la kamati huru iliyokuwa ikisimamia usalama wa wagonjwa. Matokeo yalipotangazwa mwezi wa Juni, ilionekana kwamba baada ya miezi sita walikuwa hai 84 katika kila 100 upande wa vemurafenib, na 64 katika kila 100 upande wa dacarbazine. Hapa lazima niongeze lile ambalo washangiliaji walilipita haraka: dawa hii ilifanya jua lichome ngozi ya wengine vibaya, wengine ikawaotesha uvimbe mpya wa ngozi uliohitaji kukatwa, na kwa nusu ya walioimeza maradhi yalianza kusonga tena katika muda wa miezi mitano hivi. Ilikuwa neema, nayo ilikuwa na mpaka.

Turudi kwa mgonjwa. Yako maneno husemwa kwetu, na mara nyingine husemwa na watu wachaji sana, kwamba kuingia katika uchunguzi wa namna hii ni kushindana na kadari. Neno hili halina msingi. Sayidina Umar alipofika Sargh katika safari yake ya Sham, akaambiwa kwamba tauni imeingia nchini, alirudi na watu wake, na Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alikubali, akieleza kwamba anaitoka kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine ya Mungu huyo huyo. Anayeingia katika kura ya dawa hatoki katika mamlaka ya Muumba wake, na asiyeingia vile vile hatoki. Wala kujaribu dawa si uzushi wa wageni: al-Razi, karne kumi na zaidi zilizopita, aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wa homa ya ubongo na akawaacha wengine kwa makusudi ili apate kulinganisha, na Ibn Sina katika Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa, mojawapo likiwa kwamba ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwa kuwa yaliyosadiki kwa mnyama huenda yasisadiki kwa mtu.

Lakini kinyume chake nacho kisemwe kwa nguvu ile ile. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu watu wa Pwani, waliona kutafuta tiba kuwa jambo la kupendeza, si faradhi juu ya kila mgonjwa. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja mwenye kifafa alimwendea Mtume kumtaka dua, akapewa hiari baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri, na akaomba tu asifunuke mwili anapoanguka. Ikiwa aliweza kuachiwa hiari mbele ya dua ya Mtume, ambayo haina shaka ndani yake, itakuwaje mgonjwa wa leo alaumiwe kwa kuikataa dawa ambayo wenyewe walioitengeneza wanasema hawajui itamfanya nini?

Kwa hivyo kuingia ni halali, na kutoingia ni halali, na uzito wote unaangukia nia na ujuzi. Wataalamu wa maadili ya tiba, tangu Paul Appelbaum na wenzake walipoandika mwaka 1982, wameonyesha kwamba wagonjwa wengi huingia katika majaribio wakiamini kwamba kila kilichomo kimepangwa kwa ajili ya kuwafaa wao. Sivyo. Tabibu akutibuye hutazama mwili wako na kubadili dawa kadiri unavyohitaji. Jaribio hutazama swali, na wewe ni mmoja wa watakaolijibu. Anayeingia kwa kutaka kupona tu, na hakuambiwa hili, amehadaiwa hata kama hakuna aliyekusudia kumhadaa. Ama anayeingia hali akijua, akisema moyoni kwamba akipona ni fadhila, na asipopona atakuwa ameacha nyuma yake elimu itakayowafaa wengine, huyo namwona karibu sana na wale ambao amali yao haikatiki kwa kufa kwao. Yule binamu aliyepata dripu, na wenziwe zaidi ya mia tatu wa upande ule, ndio waliouwezesha ulimwengu kujua kwa yakini kwamba vidonge vile vilirefusha umri. Sijui deni kubwa kuliko hilo miongoni mwa madeni ya wagonjwa kwa wagonjwa.

Na thawabu hiyo ni ya mwenye kutoa, si ya mwenye kutolewa. Jambo hili linanihuzunisha zaidi kwa sababu ya desturi yetu sisi wenyewe. Katika Kilifi na Bagamoyo, chanjo ya malaria ilipochunguzwa kati ya mwaka 2009 na 2014, katika jaribio lililowakusanya watoto 15,460 wa nchi saba za Afrika, wazazi walitia idhini kwa niaba ya watoto wao, na hilo ni sawa, maana mtoto hana kauli. Lakini kwetu mzazi akiugua saratani naye hufanywa mtoto. Tabibu humwita kijana mkubwa pembeni, kijana humwita mjomba, mjomba huwaita shangazi, kikao hufanyika barazani, maradhi hutajwa kwa jina lake mbele ya kila mtu ila mbele ya mgonjwa, naye chumbani huambiwa kwamba ni kidonda tu, kitapona inshallah. Watu hawa hufanya hivyo kwa mapenzi, sina shaka. Lakini fomu ya ridhaa iliyotiwa sahihi na mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake ni karatasi tupu, na kura iliyopigwa juu ya mwili wake haina ile nia wala ule ujuzi uliohalalisha kuingia kwake.

Basi mama aliyegunduliwa kuwa na melanoma wayoni, ikiwa amealikwa katika uchunguzi wa namna hii, na akae mwanawe mmoja karibu naye, mlango umefungwa, amsomee fomu kwa Kiswahili anachokijua, taratibu, akisimama kila anapoulizwa. Amwambie jina la maradhi. Amwambie kwamba majaribio mengi ya dawa hizi yamefanywa kwa watu weupe, ambao melanoma yao haifanani na hii ya wayo, na kwamba dawa iliyowafaa wao huenda isimfae. Amwambie kwamba itapigwa kura, na ni nini atakachopewa ikimwangukia kila upande, na dawa yaweza kumdhuru vipi, na kama ataruhusiwa kuhamia upande wa pili maradhi yakizidi, na kwamba siku yoyote akitaka kutoka atatoka wala hatanyimwa matibabu kwa ajili hiyo. Akisha kuyasikia yote, akasema kwamba hataki, ataka arudi kwake akakae na wajukuu, asiitiwe kikao cha kumbembeleza. Na akisema kwamba ataka kuingia, apewe kalamu mwenyewe, na kama hajui kuandika, apewe wino atie kidole chake.