Umma Ulio Msituni Kakamega



Kakamega si nchi ngeni kwetu watu wa mwambao. Misafara ya wazee wetu ilifika huko kwa Nabongo Mumia, na hata leo Mumias ina misikiti na wenye kuswali. Lakini ni wangapi katika sisi waujuao msitu ulio upande wa mashariki yake?

Msitu huo ni masalio ya ile misitu mikubwa ya Kongo. Zamani ulikuwa mpana. Sasa umekatwakatwa, mashamba yameingia kati, hata Malava na Kisere vimekuwa mfano wa visiwa. Katika msitu wa Kakamega wamo pongo na paa wadogo. Mnyama aliyefungika kisiwani namna hiyo hana njia ya kuvuka miwa na mahindi akatafute mwenzi wa ukoo mwingine.

Watu husema: maadamu wangalipo, hawajesha. Kauli hii twaiona ina kosa. Mfugaji wa mbuzi ajua kwamba beberu mmoja akiachwa na binti zake na wajukuu zake, zizi huweza kujaa, lakini wana huanza kutoka dhaifu, mimba huharibika, na maradhi yakiingia huwakumba wote, kwani damu yao ni moja. Mwenyezi Mungu ametia tofauti katika damu za viumbe: huyu hustahimili ugonjwa, yule hustahimili ukame. Tofauti hiyo ikipotea, hainunuliki sokoni.

Tazameni bongo wa mlimani, yule mwenye milia myeupe, wa Mlima Kenya na Aberdare. Porini hawafiki 100. Mwaka 2004 waliletwa Nanyuki bongo 18 kutoka Marekani, wazao wa wale waliokamatwa hapa hapa Kenya wakapelekwa ng'ambo. Ajabu iliyoje, mtu kuomba kwa jirani kilichotoka nyumbani kwake! Na kwa kuwa wazee wa hao walikuwa wachache, wafugaji hawana budi kuandika nasaba ya kila mmoja, ndugu wasipandane.

Suratul An'am, aya ya 38, imewahesabu wanyama kuwa ni umma mfano wetu. Basi wenye jamaa na maduka Kakamega twawaomba wazungumze na wenye mashamba ya mpakani, waache ukanda wa miti ya asili uunganishe kipande cha msitu na kipande. Paa hataki barabara. Ataka kivuli na kificho tu.