Mafuta ya Zamani, Bei ya Leo

Swali hili nimelisikia likibishaniwa zaidi ya mara moja katika vyumba vya wanafunzi, na kila mara ubishi umeisha kwa watu kununiana. Mwenye butiki ana mafuta ya kupikia aliyoyanunua mwezi uliopita. Leo asubuhi muuzaji wa jumla amepandisha bei. Saa nne mama wa jirani anakuja na chupa yake, anatajiwa bei mpya, anaitazama bidoni ile ile aliyoiona juzi na jana pembeni ya mlango, kisha anauliza: "Lakini haya si ya zamani?" Je, mwenye butiki amemdhulumu mama huyu?

Wengi wetu hujibu haraka kwamba ndiyo. Mafuta hayakubadilika, hayakuongezeka utamu, kilichobadilika ni tamaa ya muuzaji. Mimi nadhani jibu hilo si sahihi, na nadhani pia kwamba mwenye duka asiyejua kwa nini si sahihi hatadumu. Ama atafunga duka akiwa na moyo safi na mifuko mitupu, ama atashika jibu la upande wa pili, kwamba biashara ni biashara, na baada ya hapo hakuna kitakachomzuia.

Jambo hili linatuhusu. Tunaosoma hapa Bujumbura tunajua kwamba kazi za serikali hazitoshi kwa wote wanaohitimu, na wengi wetu tutajikuta nyuma ya meza ya butiki, ya mtu au yetu wenyewe. Semina za ujasiriamali tunazoalikwa hutufundisha kuthubutu na kuota makubwa. Sijasikia hata moja iliyozungumza juu ya mama mwenye chupa.

Tuanze na hesabu, maana maadili ya duka huanzia hapo. Tuseme mtu ana faranga milioni moja. Ananunua bidoni kumi za lita 20, kila moja kwa 100,000. Anauza kwa faida ya kumi kwa mia, anapata 1,100,000. Ile laki moja inalisha nyumba: unga, maharage, ada ya mtoto. Anarudi kwa muuzaji wa jumla na milioni yake kamili, anakuta bidoni ni 130,000. Anapata saba, na faranga 90,000 zinabaki mkononi. Anauza tena kwa faida ile ile ya kumi kwa mia, nyumba inakula tena faida tu, hagusi mtaji hata senti. Anaporudi bei ni 160,000. Sasa anapata sita. Mtu huyu hakuibiwa, hakula mtaji, hakucheza kamari. Kwenye daftari lake milioni ipo. Dukani, bidoni kumi zimekuwa sita.

Katika hali kama hii ndipo maneno ya mtaani huanza. Wapo watakaosema ni jicho, wapo watakaosema ni chuma ulete, kwamba kuna mteja anayelipa kwa noti ya kichawi inayoondoka na wenzake. Simcheki anayesema hivyo, kwa sababu ameona kwa macho yake mali ikipungua bila mwizi, naye anatafuta maelezo. Lakini mwizi yumo ndani ya hesabu. Mwenye duka alidhani kazi yake ni kulinda faranga, kumbe kazi yake ilikuwa kulinda bidoni.

Sisi wa Burundi hatuhitaji mifano ya kubuni kulielewa hili. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ilishusha thamani ya faranga, na dola iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa karibu 2,100 ikavuka 2,800. Hiyo ni bei ya benki. Bei ya pembeni kila mtu anaijua na wala haiandikwi. Mwezi uliofuata noti za 5,000 na 10,000 za toleo la zamani ziliondolewa, watu wakapewa siku kumi kuzirudisha. Bidhaa inayotoka nje hufuata dola, haimfuati mwenye duka wala moyo wake mzuri.

Kwa hiyo narudi kwa mama mwenye chupa. Mafuta yale kweli ni ya zamani. Lakini bei anayotajiwa ni bei ya mafuta ya kesho, yale atakayoyakuta mahali pale pale wiki ijayo ikiwa duka bado lipo. Anayeuza kwa bei ya jana anampa mteja wa leo zawadi, na zawadi hiyo anaitoa katika chakula cha mteja wa kesho, ambaye mara nyingi ni mama huyo huyo. Ukarimu una sifa kubwa katika dini yetu, ila mtu hukirimu kwa kilicho chake. Mtaji wa duka la mtaani si wake kabisa. Una amana ndani yake: watoto wake, muuzaji wa jumla aliyemwamini, na mtaa mzima unaotegemea kwamba saa mbili usiku, mvua ikinyesha, mlango ule utakuwa wazi.

Fikra hiyo ndiyo naiona ya lazima kwa mwenye duka mdogo, kuliko ujasiri na kuliko ndoto: kujiona mlinzi wa kitu kinachotakiwa kuwepo kesho. Akijiona tajiri mdogo, atakula. Akijiona mfadhili wa mtaa, atagawa. Kwa njia zote mbili duka linakufa, ingawa njia ya pili inasifiwa zaidi msibani.

Bei zilipopanda Madina, Maswahaba walimwomba Mtume (s.a.w.) aziwekee kiwango. Alikataa, akaeleza kwamba kubana na kukunjua riziki ni kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Tutazame neno hilo la mwisho. Kumlazimisha muuzaji auze chini ya kile kinachomwezesha kununua tena nako kunaweza kuwa dhulma. Lakini mjadala hauishii hapo. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake juu ya hisba, aliona mtawala anaweza kuingilia bei pale wauzaji wanapoficha vitu au wanapoungana dhidi ya watu. Hapo ndipo tunapofika kwenye sukari.

Sukari ya nchi yetu hutoka Moso, kiwanda ni SOSUMO, na bei yake hutangazwa na serikali. Imeadimika mara nyingi miaka hii, na inapoadimika mfuko mmoja nyuma ya pazia hufanya kazi kuliko mwenye duka mwenyewe: umelala tu, na kila asubuhi una thamani zaidi. Mwenye kuuficha anaweza kutumia maneno yangu yote ya juu. Atasema analinda mtaji, atasema anafikiria kesho. Ukimtazama kwa nje, yeye na yule wa mafuta wanafanana sana. Wote wawili wamekataa kuuza kwa bei ya jana.

Tofauti ni moja, nayo ni mlango. Wa mafuta ameweka bidoni mbele, ametaja bei, mwenye kutaka anachukua. Wa sukari amesema "hakuna" na ipo. Mtume (s.a.w.) amemwita mwenye kuficha chakula akingoja bei ipande mkosaji, na wanavyuoni wameeleza kwa nini: madhara yake ni ya watu wote. Bei mpya humpa mteja taarifa ngumu ya kweli, anaweza kupunguza kijiko au kwenda duka la pili. Neno "hakuna" linamnyima hata nafasi hiyo. Na mara likishatoka mdomoni, mwenye duka ameacha kuwa mlinzi wa kitu cha kesho; sasa anaombea kesho iwe mbaya zaidi, maana faida yake iko huko. Sijui kama kuna hali mbaya ya moyo kuliko kuamka na kutamani njaa ya jirani iongezeke kidogo.

Kuna anayebanwa katikati, na tusijifanye hayupo: muuzaji mdogo anayeletewa sukari kwa njia za pembeni, kwa bei iliyokwisha kupita ile ya serikali. Akiuza kwa bei rasmi anapoteza, akiuza juu yake anavunja sheria. Rai yangu ni kwamba aache kuiuza mpaka ipatikane sawasawa. Wateja watanung'unika, na wengine watahamia kwa asiye na hofu hiyo. Duka linaweza kuishi bila sukari.

Mtihani mwingine uko katika daftari la madeni, na hapa sheria imemwekea mwenye duka mzigo mzito. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inaagiza deni la muda liandikwe. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aya iliyotangulia kidogo, ya 280, inaagiza mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka apate wepesi, na inaeleza kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Sasa weka faranga inayoshuka kati ya aya hizi mbili. Aliyechukua mafuta ya 20,000 mwezi Januari, akapewa muda kwa sababu kweli amebanwa, anapolipa Agosti 20,000 ile hainunui tena chupa ile.

Suala hili si geni kwa wanafiqhi. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona fulusi za shaba zikibadilika thamani ilipwe thamani yake. Wengi hawakumfuata, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba deni la sarafu hulipwa kwa idadi ile ile, bila kupandishwa kwa kuangalia bei, ili mlango wa riba usifunguliwe. Hoja yake naielewa. Lakini lazima tuseme wazi ni nani anayebeba hasara: ni mwenye duka. Ndiyo maana naona akopeshe kiasi ambacho kikipotea chote, bidoni zitabaki zile zile, na zaidi ya hapo ajifunze kukataa. Kukataa nako kuna adabu yake. Lile bango la "leo taslimu, kesho mkopo" huchekesha mara ya kwanza tu. Kwa mama aliyekuja akiwa na aibu tayari, ni tusi lililotundikwa ukutani. Aambiwe kwa sauti ndogo, bila watu kusikia, na bila hotuba.

(Akina mama, kwa njia, walishatatua tatizo hili bila baraza lolote. Kikombe cha chumvi kilichoazimwa kwa jirani hurudi kikombe cha chumvi, faranga iseme inavyotaka. Ila huo ni mkopo wa wema, hauna faida ndani yake, na hauwezi kulipa kodi ya chumba.)

Yapo mambo ambayo hesabu haiyafikii. Vikwazo vya nchi jirani vya Julai 1996 vilidumu hadi Januari 1999, na hakuna mwenye butiki aliyevisababisha. Asubuhi ya Jumapili, 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua, na waliokuwa wamelinda bidoni zao vizuri waliunguza sawa na wazembe. Mtu aliyeamka na duka akalala na deni la benki huanza kujiuliza amemkosea nini Mungu wake, na majirani huanza kumuulizia swali hilo kwa kunong'ona.

Suratul Fajr inamtaja mwanadamu wa aina hii. Akineemeshwa husema Mola wangu amenitukuza, akibaniwa riziki husema Mola wangu amenidhalilisha, na zote mbili zinakanushwa pale pale. Droo ya duka haionyeshi Mwenyezi Mungu anamwonaje mwenye duka. Anayeamini kwamba inaonyesha hataweza kufanya kazi: mwezi wa faida atakuwa na kiburi na kununua ovyo, mwezi wa hasara ataona haya hata kwenda kwa muuzaji wa jumla kuomba mzigo wa kuanzia. Na wa kumpa mzigo bila pesa ni yule tu anayemjua kuwa hakuwahi kusema "hakuna" ilhali ipo, wala kuuza nguo mbovu kwa kukunja palipotoboka. Abu Hanifa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Kufa. Inasimuliwa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro bila kuitaja, naye akaitoa sadaka pesa yote iliyotokana na mauzo hayo.

Nimesema mengi juu ya wajibu wa muuzaji, na sisi tumo katika daftari lake. Karibu na vyuo vyetu kuna vibutiki vinavyotulisha mkate na chai buruse inapochelewa, na likizo inapoanza majina yetu hubaki yameandikwa humo. Kwa hukumu ya Kuwait, anayerudi baada ya mwaka akalipa idadi ile ile amelipa deni lake, hadaiwi. Lakini imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikopa ngamia mdogo, na wakati wa kulipa hakukupatikana wa umri ule, walikuwepo wakubwa na wazuri zaidi. Akaamuru apewe huyo aliye bora. Ziada ile haikuwa sharti la mkopo, wala mwenye ngamia hakuiomba.